Shajara ya ekari 160: bata mzinga mwitu wa Ozark

Januari 20, 2024

Leo nimefungua daftari hili. Baba mkwe ametimiza miaka 78, goti lake la kushoto limemgomea, na wiki iliyopita alinikabidhi funguo za geti la juu. Ng'ombe bado ni wake, ila pori ni juu yangu na binti yake. Na katika pori hilo kitu anachokipenda kuliko vyote ni bata mzinga mwitu, ambao kwa maneno yake mwenyewe "wamekwisha".

Shamba lina ekari 160, kusini mwa jimbo la Missouri, Marekani, kwenye vilima vya Ozark. Kiasi cha ekari 95 ni msitu wa mialoni na hikori, 40 ni malisho na majani ya kufunga marobota, zilizobaki ni miteremko ya mawe iliyovamiwa na mierezi, pamoja na kijito.

Mzee alizaliwa hapa hapa mwaka 1946, na anasema utotoni hakuwahi kumtia machoni ndege huyu. Wakati huo walikuwa wamewindwa ovyo na misitu imefyekwa, hata mwanzoni mwa miaka ya 1950 jimbo zima lilibaki na ndege wasiofika 2,500. Mwaka 1954 idara ya uhifadhi ya jimbo ilianza kazi ya kuwanasa waliobaki na kuwahamishia sehemu walikokwisha kutoweka. Uwindaji ulipofunguliwa tena mwaka 1960, ulihusu kaunti 14 tu na ndege waliopatikana walikuwa 94. Mzee alikuwa na miaka 14. Kufikia mwaka 2004, msimu mmoja wa majira ya machipuko ulitoa ndege zaidi ya 60,000. Kwa hiyo huyu ni mtu aliyewaona wakirudi kutoka sifuri, akawazoea, kisha akaanza kuwaona wakipungua tena uzeeni. Naielewa huzuni yake.

Hesabu ya kuanzia, kwa kamera mtego tatu nilizoziweka wiki mbili: majike 11, madume makubwa 2, madume machanga 4. Wakati wa baridi majike hutembea kivyao na madume kivyao, kwa hiyo ni rahisi kulihesabu kila kundi peke yake. Dume changa unalijua likitanua mkia: manyoya ya katikati ni marefu kuliko ya pembeni, na ndevu ya kifuani bado ni kijikia kifupi.

Manne tu ya mwaka jana, kwa majike 11. Hapo ndipo penye tatizo. Wakubwa wapo, wanaokosekana ni wadogo.

Februari 3

Nimetambaa shambani kwa magoti na viwiko, mke wangu akinitazama kutoka kwenye gari. Nilitaka kuona anachokiona kifaranga.

Malisho yetu yote ni feskyu, nyasi iliyoletwa kutoka ng'ambo, na aina hii iliyoenea ilianza kutolewa kwa wakulima mwaka 1943. Ng'ombe wanaila, haifi kwa ukame, haifi kwa kukanyagwa. Mtu akisimama anaona uwanda mzuri wa kijani. Ukiweka kidevu chini unaona godoro. Hakuna nafasi kati ya shina na shina, hakuna udongo ulio wazi, mmea wenye maua hakuna. Nilijaribu kupitisha ngumi yangu usawa wa ardhi, ikakwama kabla ya nusu hatua.

Kifaranga wa siku tatu kimo chake hakizidi kikombe cha chai. Hawezi kuruka mpaka afikishe siku kumi hadi kumi na nne, na siku zote hizo analala chini, ndani ya mbawa za mama yake. Chakula chake ni wadudu karibu pekee, maana anahitaji protini ya kukua haraka awahi kupanda mtini. Kwenye godoro lile analowa umande, anapata baridi, anashindwa kumfuata mama, na wadudu wenyewe ni haba.

Nimeandika kwenye ukurasa wa kwanza, kwa herufi kubwa: WIKI MBILI ZA KWANZA. Kila kazi nitakayopanga hapa nitaipima kwa maneno hayo.

Februari 25

Wiki tatu za chenso. Tumeangusha mierezi kwenye ekari nne za miteremko ya mawe. Jua limefika chini pengine kwa mara ya kwanza ndani ya miaka thelathini. Mikono yangu inanuka utomvu hata baada ya kuoga mara mbili.

Jioni nilimpigia mama, aliyeko Kondoa, Tanzania. Nikamwambia kazi inayofuata ni kuchoma sehemu ya pori kwa mpango.

"Yaani wewe," akasema, "mtoto wa Kondoa, unawasha moto porini kwa mkono wako?"

Nilinyamaza. Anayeijua milima ya Irangi atanielewa. Tumekua tukitazama makorongo mekundu ambayo basi lingeingia likapotea. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, HADO, ulianza mwaka 1973, na mwaka 1979 mifugo yote ikaondolewa kwenye eneo lililoharibika ili ardhi ipumue. Shuleni tulifundishwa kwamba moto ni adui wa kwanza, na ninaamini hivyo hadi leo kwa ardhi ile, iliyokuwa imebaki uchi. Nilimweleza mama kwamba huku mambo ni kinyume: nyasi za asili za Ozark zimeishi na moto karne nyingi, na moto ulipokatazwa ndipo mierezi ilipojaa na maua yakapotea.

Akafikiri kidogo, kisha akasema: "Hata kanga walipenda palipoungua. Siku ya pili tu utawakuta wanachokora."

Mama hakujua kwamba amenipa nusu ya somo. Wanasayansi walimpa bata mzinga jina la Meleagris, neno la Kigiriki la kanga, na kanga wetu mwenyewe wanamwita Numida meleagris. Wazungu wa kwanza kumwona ndege huyu walimchanganya na kanga. Baada ya mwezi mmoja wa kuwatazama kwenye kamera siwashangai: mwendo ni ule ule, kichwa kisicho na manyoya ni kile kile, na ule ukorofi wa kukimbia kwanza kabla ya kuruka.

Machi 9

Tumechoma ekari 14. Jirani watano walikuja na bomba za mgongoni na reki, trekta moja likiwa na tangi la maji. Wiki nzima kabla ya hapo tulilima mkanda wa kukinga moto kwa haro kuzunguka eneo lote.

Unyevu hewani ulikuwa asilimia 38, upepo kutoka kusini-magharibi, wa taratibu na usiobadilika. Tulianzia kona ya kaskazini-mashariki, upande ambao upepo unaelekea, ili moto utambae kinyume cha upepo. Moto wa namna hiyo ni mpole, unafika kwenye kifundo cha mguu na unatembea polepole kama mtu anayetafuta sindano. Tulipopata mkanda mweusi wa mita kumi hivi, tukawasha pembeni, na mwisho kabisa upande wa upepo. Hapo ulinguruma. Dakika chache tu, ukagonga mkanda mweusi ukafa. Magoti yangu yalikuwa yanatetemeka, na jirani mmoja aliyefanya kazi hii miaka mingi aliniwekea mkono begani bila kusema kitu.

Tunachoma theluthi moja kwa mwaka, hatuzidishi. Jike hutaga palipo na nyasi na vichaka vya mwaka mmoja au miwili, panapomficha akiwa amelalia. Vifaranga wanataka palipoungua mwaka huu huu: chini peupe, juu majani mapana kama mwavuli, wadudu tele. Vyote viwili viwe karibu, jike asilazimike kuwatembeza mbali.

Machi 11

Ndege watano kwenye majivu, saa moja na nusu asubuhi. Wanachokora. Nimemtumia mama picha.

Aprili 26

Msimu ulifunguliwa tarehe 15. Kisheria wanaowindwa ni wenye ndevu kifuani, yaani madume na yale majike machache yanayoota ndevu, na kila mwindaji ana haki ya wawili kwa msimu, wiki ya kwanza asizidi mmoja. Sisi tumejiwekea sheria ya nyumbani iliyo kali zaidi: shamba hili litatoa dume mmoja tu mwaka huu, mkubwa, na wiki ya kwanza hakuna mtu kuingia na bunduki. Dume mmoja anapanda majike wengi, hilo linajulikana, lakini tukiwatoa wakubwa mapema kabla majike hayajapandwa tunajitia hasara bila sababu. Mzee alikuna kichwa, akakubali.

Leo alfajiri nilimsindikiza. Alikaa ameegemea mwaloni mkubwa, goti limenyooshwa, kijibao cha sleti mapajani na kijiti mkononi. Akakwaruza mara tatu, akiiga sauti ya jike, akaacha. Hiyo ndiyo kazi yenyewe, aliniambia siku za nyuma: kujua kuacha. Dume akajibu kutoka bondeni, sauti ikagonga kilima cha pili na kurudi. Ilichukua dakika arobaini mpaka kichwa chake kikatokea juu ya tuta, chekundu na cheupe na bluu kwa pamoja, mkia umetanuliwa, mbawa zikiburuza chini kwa mkwaruzo unaosikika kabisa.

Uzito kilo 9.6. Ndevu sentimita 25. Kikwaru, ule mwiba wa mguuni, milimita 29, kilichopinda, dume la miaka mitatu au zaidi. Nilifungua mfuko wa chakula wa shingoni: majani ya klova, vipande vya mbegu za mwaloni, mbawakawa. Firigisi ilikuwa na vijiwe vilivyolainika kama shanga. Taarifa ya kuua lazima ifike kwa idara kabla ya saa nne usiku siku hiyo hiyo. Mzee alipiga kabla hata ya kunywa chai.

Mei 12

Nyenje wa miaka 13 wametoka. Hiki ni kizazi ambacho mara ya mwisho kilionekana mwaka 2011, na miaka yote hiyo walikuwa chini ya miguu yetu wakinyonya mizizi. Udongo unapofikia nyuzi 18 hivi za Selsiasi, usawa wa shubiri moja kwenda chini, wanapanda wote kwa mpigo. Chini ya mwaloni mmoja nilihesabu matundu 60 kwenye mraba wa mita moja, kila tundu la kutosha kidole kidogo. Mchana kelele zao zinafanya mtu ashindwe kuongea porini.

Kila kiumbe kinakula: rakuni, kunguru, kobe, mbwa wetu mwenyewe. Nimemwona dume la bata mzinga likitembea limefunua mdomo, limeshiba, na bado linaokota.

Mei 29

Siku mbaya. Naiandika yote.

Mkata majani alipiga simu jana kwamba hali ya hewa itakuwa kavu siku nne. Ndivyo ilivyofanyika miaka yote hapa: mwisho wa Mei majani ya bonde yanakatwa. Nikasema aje. Sikufikiri. Nimejaza daftari zima kuhusu viota na nikasema aje.

Alipofika mzunguko wa sita trekta likasimama. Nilikimbia. Jike alikuwa amelala upande, bawa moja limekatwa kwenye kiungo, bado ana joto. Hakuruka. Akikaribia kuangua, jike hushikilia kiota mpaka dakika ya mwisho, na ndicho kinachomuua mbele ya mashine. Mayai yalikuwa kumi na moja, rangi ya maziwa yenye madoa madogo ya kahawia, saba yamepasuka. Katika moja kifaranga alikuwa mzima kabisa, manyoya yamelowa, kijino cha kutobolea gamba kiko kwenye ncha ya mdomo. Huchukua siku 28 kuangua. Huyu alikuwa amebakiza siku mbili, labda moja.

Manne yaliyosalia hayakuwa na wa kuyalalia, na kufuga ndege wa porini bila kibali si ruhusa. Nilikaa pale na kofia mkononi. Mkata majani, mtu mzima mwenye wajukuu, alikaa nami na hakuwasha mashine mpaka nilipomwambia.

Lile jike lilikuwa moja kati ya 11 ninaowajua.

Juni 2

Kikao cha familia mezani. Nilichoomba: majani ya bonde yasikatwe kabla ya Julai 15. Mzee alieleza, kwa haki kabisa, kwamba robota la Julai ni nyasi iliyokomaa, ngumu, ng'ombe anajaza tumbo tu bila kupata nguvu. Tulipiga hesabu mpaka usiku. Tumeafikiana hivi: ng'ombe watapungua kutoka 22 hadi 15, na bonde litasubiri. Aliyesema neno la mwisho ni mke wangu: "Baba, ulituambia ulikuwa na miaka 14 ulipowasikia kwa mara ya kwanza." Mzee akatazama dirishani, kisha akaandika namba 15 kwenye karatasi.

Agosti 30

Hesabu ya vifaranga imefungwa. Idara imekuwa ikikusanya hesabu hizi kwa wananchi wa kujitolea tangu mwaka 1959: Juni, Julai na Agosti unaandika kila jike unayemwona na vifaranga alionao, na jike asiye na kitu pia anaandikwa. Huyo asiye na kitu ndiye watu wanayemsahau, na bila yeye hesabu inadanganya.

Yetu: majike 7, vifaranga 15. Viwili na kidogo kwa kila jike, na inakadiriwa kwamba viwili hivi ndicho kiasi cha idadi kujishikilia. Makundi matatu kati ya manne niliyaona ndani ya zile ekari 14 za moto au ukingoni mwake. Kwenye feskyu sikuona hata moja. Nyenje wametusaidia bila shaka, kwa kuwashibisha rakuni na koyote hata wakaacha viota, lakini hawatarudi mpaka 2037. Mwakani ndio mtihani.

Novemba 10

Baridi ya kwanza iliyogandisha imepita. Nyasi za asili zimelala, feskyu peke yake bado ya kijani, na hiyo ndiyo nafasi: dawa ya kuua majani ya glaifoseti sasa inamkuta yeye tu. Ekari 12 za mteremko wa juu, siku mbili za kunyunyiza. Mbegu za nyasi za asili na maua zitamwagwa Januari juu ya ardhi iliyoganda. Kuganda na kuyeyuka kwa udongo kutazizika kwenyewe.

Januari 18, 2025

Jirani wa upande wa mashariki, mtu mwema sana, amekuja na ofa mbili. Ya kwanza: magunia ya mahindi yaliyoharibika, tuwamwagie ndege wapite baridi. Ya pili: lori la mbolea ya kuku kutoka mabanda makubwa.

Zote nimezikataa, na nikaona nimweleze kwa nini, nisije nikaonekana mwenye kiburi. Mbolea mbichi ya kuku hubeba vimelea vya ugonjwa wa kichwa cheusi. Kuku huvumilia, bata mzinga anakufa ini limeoza. Mahindi nayo, mbali na sheria inayokataza kuwinda palipomwagwa chambo hata siku kumi baada ya kukiondoa, yana sumukuvu.

Neno hilo sikulijulia Marekani. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara, Kondoa ikiwemo, kwa mahindi ya nyumbani kabisa. Na yenyewe iligunduliwa kwa sababu ya ndege huyu huyu: mwaka 1960 Uingereza, bata mzinga wa kufugwa zaidi ya 100,000, wengi wao wadogo, walikufa kwa ugonjwa usiojulikana, na uchunguzi ukafika kwenye mashudu ya karanga yaliyoota kuvu. Jirani alinisikiliza hadi mwisho. Akaniuliza kama mama yangu bado anakula mahindi ya nyumbani. Nikamwambia ndiyo, ila sasa anayakausha juu ya turubai, si chini.

Mitego ya baridi imetoa rakuni wanne na oposamu mmoja. Nitaendelea, kwa kiasi. Siku hizi ngozi hazina bei na watu wachache wanatega, kwa hiyo wezi wa mayai ni wengi. Lakini nikiwa na saa kumi za kazi, tisa nitazipeleka kwenye nyasi. Jike aliyefichika vizuri hahitaji nimlinde.

Machi 22

Moto umeahirishwa mara tatu. Dhoruba ya usiku wa tarehe 14, ile iliyoua watu hapa Missouri, ilituangushia mialoni sita, mmoja wao ukiwa ule wa kijitoni ambao ndege hulala juu yake usiku. Sisi wazima. Leo upepo umetulia, tumechoma ekari 13. Safari hii mtungi wa kuwashia niliushika mimi mwanzo hadi mwisho.

Juni 14

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, nimelala kifudifudi ukingoni mwa eneo la moto wa Machi. Jike katokea kwenye vichaka vya mwaka jana. Akasimama, shingo juu, dakika nzima. Kisha akatoa sauti ndogo ya kooni, na nyasi nyuma yake zikaanza kutikisika sehemu nyingi kwa wakati mmoja.

Vifaranga wanane, wiki moja hivi. Wanapita katikati ya mashina kama maji. Mmoja alirukia panzi, akamkosa, akamkimbiza mpaka mita moja kutoka usoni pangu, akamkamata, akameza kwa kujinyoosha shingo mara mbili. Nilimwona jicho. Nilibana pumzi mpaka jike akamwita, akageuka, akapotea.

Julai 19

Majani ya bonde yamekatwa leo. Kabla ya mashine kuingia tulitembea mstari mmoja, watu sita, hatua tatu tatu, mzee akituongoza kwa sauti kutoka kwenye gari. Mkata majani ni yule yule. Alifika nusu saa mapema ili atembee nasi.

Karibu na pale pa mwaka jana, hatua arobaini hivi, mke wangu alipata kiota. Shimo dogo lililokanyagwa, manyoya mawili, maganda tisa. Yai lililoliwa na mnyama hupasuliwa ovyo. Haya yalikuwa yamekatwa kichwani kwa mzunguko safi, kama mfuniko, na utando wa ndani umejitenga. Yote tisa yalianguliwa.

Marobota: 31, magumu kama tulivyotarajia. Hesabu ya vifaranga hadi leo: majike 6, vifaranga 13, na Agosti bado. Kamera ya kijitoni haina betri. Kesho niende.